Karanga: Jembe Lina Wakati Wake

Akina mama wapendwa, mwezi huu tunazungumzia shamba. Huenda mtashangaa, kwa kuwa tumezoea kuongea nanyi habari za homa, chanjo na kuharisha. Lakini sisi tunaopima watoto kliniki twajua kwamba kilo za mtoto huanzia shambani. Hapa Majimoto, katika bonde la Ziwa Rukwa, karanga ni nyama ya watoto wengi. Uji uliotiwa karanga zilizosagwa laini humpa mtoto mafuta na protini ambazo sembe peke yake haitoshelezi.

Taabu iko kwenye palizi. Mvua zikishika, magugu hayangoji, na anayepambana nayo mara nyingi ni mama. Huondoka alfajiri na mtoto mgongoni, au humwachia dada yake mdogo, na chakula cha mchana hupikwa jioni. Miezi hiyo ndiyo pia akiba ya nyumbani inapokwisha. Mtoto hupungua uzito, nasi twamwuliza mama anamlisha nini, kumbe angeulizwa pia anarudi nyumbani saa ngapi.

Kazi hii yaweza kupunguzwa tangu siku ya kupanda. Mbegu zikipandwa ovyo, jembe halina njia ya kupita. Nyosheni kamba. Kwa karanga zisizotambaa, kama Pendo, mbegu iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, mwaka 1998, acheni sentimita 50 kati ya mistari na sentimita 10 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo. Ekari moja itabeba mimea karibu 80,000, na majani yatafunika udongo mapema na kuyanyima magugu mwanga.

Kuna faida nyingine. Vidukari, wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa wa rozeti, huvutwa na shamba lenye mimea michache na udongo ulio wazi. Karanga ikishikwa na rozeti hudumaa, na haina dawa. Kupanda mapema bila kuacha mapengo ni kinga, kama chanjo kwa mtoto.

Palizi ya kwanza ifanyike wiki 2 hadi 3 baada ya kuota, na ya pili maua yanapoanza. Magugu ya wiki 6 za mwanzo ndiyo yanayokula mavuno zaidi. Baada ya hapo wekeni jembe chini. Ua la karanga likinyauka, hutoa kijiti chembamba kinachoshuka na kuingia ardhini, na karanga huumbika kwenye ncha yake. Jembe likikikata, umepoteza karanga ambayo hukuwahi kuiona. Gugu litakalobaki ling'oeni kwa mkono, taratibu.

Tunawaomba na akina baba: aliyeshika kamba siku ya kupanda ashike na jembe siku ya palizi. Mama mjamzito au mwenye kichanga asiachiwe shamba peke yake.

Mkishavuna, anikeni karanga zikauke vizuri, na zilizoota ukungu msimpe mtoto. Tena, kabla mnunuzi hajapima gunia la mwisho, tengeni debe moja la uji wa watoto. Hilo lisiuzwe.