Dhamana ya Vijana na Ulaji wa Ofisi

Fedha iliyoombwa kwa jina la mtu mwingine si mali ya aliyeiomba. Ni dhamana, na mwenye kupokea dhamana hana budi kuitolea hesabu mbele ya yule ambaye jina lake lilitumiwa kuiombea. Kanuni hii ni nyepesi kutamka, wala hapana mwungwana aikanaye. Lakini katika mashirika mengi yasiyotafuta faida, yale yajiitayo mashirika ya vijana, imekuwa kama kanzu ya sikukuu: huvaliwa siku ya wageni, kisha hukunjwa ikarudishwa sandukuni.

Ushirombo ni mahali pafaapo kuipimia kanuni hiyo. Mji huu, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, umo katika nchi ya Wasumbwa, kando ya barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kuelekea Rwanda na Burundi. Misheni ya Kikatoliki ilianzishwa hapo mwaka 1891, na kwa hiyo kuombewa misaada ya ng'ambo si jambo geni kwa wenyeji. Vijana wake hulima mahindi, mpunga na tumbaku, huendesha bodaboda, na wengi huenda katika machimbo madogo ya dhahabu, ambako hushuka katika maduara, husagisha mawe kwenye karasha, na huikamata dhahabu kwa zebaki, sumu ambayo huingia mwilini taratibu wala haitoki upesi. Kijana huyu, mwenye vumbi la mawe kifuani na zebaki mikononi, ndiye ambaye picha yake hupamba taarifa za mwaka za mashirika. Haki yake ya kwanza ni kuuliza maswali mawili: katika kila shilingi iliyoombwa kwa jina lake ni senti ngapi zimemfikia, na nani aliyezikata zilizobaki njiani?

Na ufanywe mfano wa kubuni, usiolenga shirika lolote. Shilingi milioni 100 zimetolewa ili vijana wa Ushirombo wafundishwe ufundi na usalama wa machimboni. Makao makuu jijini yanachukua milioni 15 kwa uongozi. Ofisi ya kanda inachukua milioni 20 kwa mishahara, pango na umeme. Gari, mafuta na posho za safari zinakula milioni 15. Semina ya kuzindua mradi na semina ya kuutathmini, zote katika ukumbi wa hoteli, zinakula milioni 10. Ofisi ya wilaya inapewa milioni 10. Zilizobaki ni milioni 30. Katika mfano huu hapana aliyeiba. Kila fungu lina hati yake na sahihi yake, na mkaguzi akija atatia muhuri wake bila kusita. Ubaya wenyewe umo humo: kila fungu likitazamwa peke yake lina sababu, bali yakijumlishwa pamoja ni dhuluma. Mwizi wa kawaida hukamatwa akapelekwa mahakamani. Ulaji wa namna hii hupewa cheti cha hesabu safi.

Watetezi wa mishahara mikubwa wana hoja, na hoja hiyo haifai kupuuzwa. Wasema kwamba mtendaji mwenye elimu na uzoefu hapatikani kwa bei ya chee. Kwamba shirika likimlipa kidogo atakwenda mgodini, benki au katika mashirika ya kimataifa. Na kwamba ofisi maskini, isiyo na mhasibu wala kompyuta, hupoteza fedha nyingi kuliko ilizookoa. Mengi katika hayo ni kweli. Ofisi si dhambi, wala umaskini wa ofisi si ucha Mungu. Lakini hoja hii ina kilema: husimama wima makao makuu, ikifika wilayani huchechemea. Ikiwa ujuzi haupatikani bila malipo mema, mbona yule afundishaye vijana pembeni mwa duara huitwa "mfanyakazi wa kujitolea", akapewa fulana, kofia na nauli? Kazi yake ndiyo kazi ambayo shirika liliundwa kuifanya. Moyo wa kujitolea hauwezi kuwa sharti kwa wa chini na mzaha kwa wa juu. Anayesema kwamba mshahara ndio huleta bidii, na aseme hivyo mpaka ngazi ya mwisho. Na anayesema kwamba kazi ya vijana ni wito, na aanze yeye kuitika.

Nchi hii imepata kuuona mjadala huu katika Chuo Kikuu chenyewe. Mwezi Oktoba mwaka 1966, wanafunzi mjini Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria iliyowataka waingie katika Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea, kwa sehemu kubwa ya muda huo, asilimia 40 tu ya mshahara ambao wangaliupata. Serikali iliwafukuza zaidi ya 300. Mtu aweza kubishana hata leo kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Lakini Rais Nyerere hakuishia katika kuwakemea wadogo. Papo hapo alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya viongozi wengine wa juu ikapunguzwa. Mwezi Februari mwaka uliofuata Azimio la Arusha likatangazwa, pamoja na masharti ya uongozi yaliyokataza kiongozi kuwa na mishahara miwili. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na hapana haja ya kudai yarudi jinsi yalivyokuwa. Jambo la kukumbuka ni dogo zaidi, nalo lina uzito: aliyetaka vijana wajinyime alijikata yeye kwanza, tena hadharani.

Baada ya mishahara na gharama za ofisi huja jambo la tatu, ambalo huvaa nguo nzuri kuliko yote: muungano wa kanda. Husemwa kwamba mashirika madogo ya wilaya ni dhaifu, kwamba kila moja lina mkaguzi wake, mhasibu wake na gari lake, na kwamba yakiunganishwa chini ya ofisi moja ya Kanda ya Ziwa gharama zitapungua. Methali haikosi: umoja ni nguvu. Ni kweli kwamba ukaguzi mmoja ni nafuu kuliko kaguzi tano. Lakini na itazamwe njia iliyofuatwa na Serikali yenyewe. Bukombe ilitengwa na Kahama. Kisha mwaka 2012 Mkoa wa Geita uliundwa, Bukombe ikatolewa Shinyanga na kuingizwa humo, na Mbogwe ikawa wilaya yake peke yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwasogezea wananchi huduma. Kugawa huko nako kulileta ofisi mpya na magari mapya, jambo ambalo si la kufichwa. Hata hivyo mwelekeo wake ni wa kumsogeza mwenye mamlaka karibu na mwenye shida. Muungano wa mashirika huelekea kinyume. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limefupisha safari ya Mwanza kwa gari. Halikufupisha safari ya swali la kijana wa Ushirombo mpaka mezani kwa mkurugenzi wa kanda.

Kanda hii ya Ziwa ilikwisha kulipia somo hilo. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilikua hata likahesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Muungano ule ulikuwa na faida ya kweli: ulimtoa mkulima katika mikono ya wachuuzi waliomwibia mizani. Lakini kadiri ulivyonenepa ndivyo mkulima alivyokuwa mbali nao, na mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Kamati ilikuta, pamoja na upungufu wa watumishi wenye ujuzi na siasa kuingilia mambo ya vyama, kwamba demokrasia katika vyama vikuu ilikuwa dhaifu. Na yatazamwe hayo mawili kwa pamoja: ujuzi ulikuwa haba, na mwanachama hakuwa na sauti. Anayetibu la kwanza kwa mishahara minono, akaliacha la pili, ametibu nusu ya ugonjwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri kutoka juu, na havikurudi mpaka sheria ya 1982 ilipopitishwa. Chama kilichokwisha kumsahau mwanachama wake hakikupata wa kukilinda siku ya kuvunjwa.

Wala si Afrika tu. Huko Marekani, chama cha skauti wa kike kilianza mwaka 2006 kuyaunganisha mabaraza yake, zaidi ya 300, hata yakabaki kama 110. Baadaye mabaraza kadhaa makubwa yaliuza makambi ambayo wasichana na mama zao walikuwa wameyazoea kwa miaka mingi, na wazazi wakalalamika. Katika shirika jingine la vijana la nchi hiyo, Boys & Girls Clubs of America, malipo ya mtendaji mkuu ya mwaka 2008 yalikaribia dola milioni moja, na mwaka 2010 maseneta walitaka kuelezwa sababu. Nchi tajiri zina maseneta wa kuuliza. Ushirombo atauliza nani?

Kabla ya misaada ya ng'ambo, Wasukuma, jirani wa Wasumbwa, walikuwa na vyama vya vijana vya kijiji. Kiongozi wake aliitwa nsumba ntale. Kazi yake ilikuwa kuwakusanya wenzake na kusimamia kilimo cha pamoja. Hapana anayependekeza kwamba mashirika ya leo yaendeshwe kwa ngoma na jembe. Lakini nsumba ntale alikuwa na jambo moja wasilonalo wakurugenzi wengi: aliongoza mbele ya macho ya aliowaongoza, na ujira wa kundi ulijulikana na kundi zima.

Basi madai ni matatu, wala si makubwa. Kwanza, kila shirika la vijana litangaze mshahara wake wa juu kabisa na wa chini kabisa, pamoja na malipo ya wale waitwao wa kujitolea, na liweke kikomo cha mara ngapi wa juu aweza kumzidi wa chini. Pili, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 hudai taarifa ya kila mwaka ya kazi na ya hesabu zilizokaguliwa, na huiweka wazi kwa umma. Umma huo usiwe Dar es Salaam na Dodoma peke yake. Taarifa ibandikwe Ushirombo, kwa Kiswahili, katika ukuta upitiwao na watu, nayo isomwe kwa sauti katika mkutano wa vijana. Tatu, shirika la wilaya lisiunganishwe na la kanda pasipo kura ya vijana wenyewe, wakiwa wamekwisha kuonyeshwa nini kitaokolewa, nani atapandishwa mshahara, na mlango upi utafungwa.

Wanafunzi wasomao kurasa hizi ndio watakaoajiriwa kesho katika ofisi hizo. Wengine watakuwa wahasibu, wengine wakurugenzi, na hapana ubaya wakilipwa vema kwa kazi njema. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari lipo, tena limepigwa chapa vizuri na kutiwa sahihi. Ila limefungiwa katika kabati la ofisi ya kanda, na mwenye mali yuko ndani ya duara, hajui hata kwamba liliandikwa kwa jina lake. Watakaokabidhiwa ufunguo wa kabati hilo na walitoe, walipeleke Ushirombo, walifungue mbele yake.