Picha za wagonjwa zisipotee



Hospitali nyingi siku hizi hazitoi tena filamu ya eksirei. Picha hubaki ndani ya kompyuta. Ni jambo zuri, lakini kompyuta ikiungua, picha nazo zimekwenda.

Mimi yamenikuta. Nilipopimwa kifua katika hospitali moja, daktari alitaka picha yangu ya mwaka juzi, aone kama doa limekua. Nikajibiwa, "Mashine iliharibika, mzee." Nikapigwa nyingine, nikalipa tena. Je, picha ya leo itamwambiaje daktari doa la mwaka juzi lilikuwa na ukubwa gani?

Wengine hupiga kioo cha kompyuta kwa simu na kutumiana. Huko si kuhifadhi, ni kutangaza siri ya mgonjwa, tena picha yenyewe hufifia. Utaratibu wa DICOM, ulioanza kuitwa hivyo mwaka 1993, hufunga picha, jina na tarehe pamoja, na mashine za kampuni mbalimbali huweza kuisoma.

Wahusika waweke nakala ya pili katika jengo jingine, na waifungue mara kwa mara waone kama inasomeka. Fedha za mashine zilipatikana. Za diski zinashindikanaje?

Mgonjwa wa Kifua,
Morogoro.