Mtihani kwanza, komisio nyuma!

Wandugu na wadada, vijana wa Goma, Bukavu, Bunia, Lubumbashi na kila mji kwenye tunapanga nyumba za wengine,

Ili upate diploma, unapita Exetat. Ili uendeshe gari, sheria inakuomba permi. Lakini mtu mwenye anashika garanti yako, mwenye anauzisha kiwanja cha mama yako, huyo alipita mtihani gani? Anaamka asubui, anaandika namba ya simu kwa kibao, na kuanzia siku ile ni komisionere. Unamulipa makuta ya kutembelea nyumba, unamulipa komisio, na siku mambo inaharibika simu yake haipite tena.

Tunasema wazi: mwenye kukula kwa nyumba ya raia, apite kwanza mtihani.

Hatuombi muujiza. Kule Ubelgiji, nchi yenye ilituachia mambo ya kadastre na vitabu vya konservatere, huwezi kujiita ajenti wa nyumba vile unataka. Unafanya staji, unapita mtihani ya taasisi ya kazi hiyo, IPI, na makuta ya mteja inawekwa kwa konti ya pembeni, haiingie mufukoni. Kwa jirani zetu wa Kenya pia kuko sheria na bodi ya kuandikisha maajenti. Kwa nini sisi tubaki na kibao na simu tu?

Na mtihani ingeuliza nini? Mambo mepesi, yenye kila mmoja wetu anapashwa kujua leo.

Swali la kwanza: garanti ya nyumba ya kulala ni miezi mingapi? Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema isipite miezi 3. Basi komisionere mwenye anakuomba 6 ao 10, ni kusema hajui sheria, ao anaijua na anakuibia.

Swali la pili: udongo ni wa nani? Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inajibu: ni wa Leta. Raia anapewa haki ya kuutumia, na ile haki inasimama kwa karatasi moja, sertifika ya konservatere wa vyeo vya ardhi. Karatasi ya kuuziana haitoshi. Sahihi ya shefu wa avenue haitoshi. Watu wangapi wamejenga juu ya sahihi tu, kiisha mwingine akafika na sertifika mukononi?

Swali la tatu: kiwanja kimoja kikiuzishwa kwa watu watatu, nani anashinda? Hapa njo machozi iko. Kiisha miaka 2, sertifika ni vigumu sana kuivunja. Mwenye alichelewa anabaki kuomba malipo tu. Komisionere mwenye hajui hii jambo anaweza kuangusha familia nzima bila ata kukusudia.

Tunajua wengine watasema: "Munataka kukatia vijana chakula." Apana. Komisionere wengi ni vijana kama sisi, wenye diploma na bila kazi. Mtihani haiwafukuze, inawatenganisha na wezi. Leo, mwenye kufanya kazi vizuri na mwenye kuuzisha kiwanja cha mayatima wanaitwa jina moja, na bote wanatukanwa pamoja.

Wengine watasema: "Leta itafanya ile mtihani kuwa duka lingine." Hapo wako na haki. Ni wangapi wanatembea na permi yenye walinunua bila kushika usukani? Juu ya ile, hatuombi mtihani yoyote tu. Tunaomba hivi:

– Maswali ya kujifunzia iandikwe na igawanywe bure, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu ine za taifa.
– Bei ya kuandikwa iwe ndogo, itangazwe, na ilipwe kwa benki, si mukononi mwa mtu.
– Majina ya wenye walipita ibandikwe kwa ukuta wa komine, na kila mmoja avae karti yenye picha na namba.
– Wenye wako kwa kazi leo wapewe muda wa kujitayarisha, bila polisi kuwakimbiza.
– Garanti isipite tena mufukoni mwa komisionere.

Lakini tusikae kungoja. Kila kartie inaweza kuwa na kikundi cha Siku ya Mungu: vijana kumi, kopi moja ya sheria, mmoja anasoma, wengine wanauliza. Muite na komisionere wa kwenu, akae nanyi. Mbele ya kulipa ata franka moja ya kutembelea, muulize ile maswali tatu. Akishindwa, rudia kwenu na makuta yako. Na mbele ya kununua kiwanja, peleka namba yake kwa kadastre na kwa konservatere, wewe mwenyewe, kwa miguu yako.

Siku Leta italeta mtihani, itukute tumeshajua majibu. Na kama haileti, sisi tumeshaanza kuuliza.

Bila mtihani, hakuna komisio!