Daftari la Wiki: Pombe ya Mtama ya Ipililo

Kilabuni
Ipililo, wilayani Maswa, mtu akitaka kujua kama pombe ya leo ni nzuri huuliza kwanza imepikwa na nani. Yuko mama mmoja ambaye wateja wanamsifia jambo moja: pombe yake ya wiki hii haipishani na ya wiki iliyopita. Nimeinywa. Ni nzito, na rangi yake ni ya kahawia yenye wekundu kwa mbali. Uchachu unatangulia, utamu wa nafaka unafuata, kisha ukakasi mdogo unabaki nyuma ya ulimi. Ni pombe ya mtu aliyetoka kupalilia pamba, anayetaka kukata kiu, kushiba kidogo na kuzungumza na wenzake. Kwa kazi hiyo sijaona inayoizidi.

Mtama mwekundu
Ukakasi ule unatokana na tanini iliyomo kwenye mtama mwekundu. Ndege aina ya kwelea kwelea wanaupenda zaidi mtama mweupe usio na tanini, kwa hiyo kilichomlinda mkulima shambani ndicho kinachoipa pombe ladha yake. Wapenzi wa bia za IPA (India Pale Ale) hupata uchungu wao kwenye maua ya hopsi. Mmea huo hutaka siku ndefu za kiangazi cha mbali na ikweta. Maswa iko nyuzi kama tatu tu kusini mwa ikweta, na mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Waingereza walizidisha hopsi kwenye bia walizopeleka India kwa meli katika karne ya 18 na ya 19, kwa sababu hopsi huzuia bakteria wanaoharibu bia. Ipililo, uchachu wenyewe ndio mlinzi, ingawa ulinzi wake ni wa muda mfupi: pombe hii ni ya kunywewa leo, au kesho ikichelewa sana.

Mkono wa mpishi
Mtama hulowekwa, hufunikwa mpaka uote, huanikwa, kisha husagwa kuwa kimea. Uji hupikwa kwenye moto wa kuni, hupozwa, ndipo hutiwa kimea ili wanga ugeuke sukari na sukari igeuke kileo. Kimea kikitiwa uji ungali wa moto mno, vimeng'enya vinakufa na kazi ya siku zote hizo inapotea. Mama huyu hana kipimajoto. Anagusa sufuria, ananusa, anasubiri, anagusa tena. Nairobi kuna viwanda vidogo vya bia vyenye matangi na vipimo, na mafundi wao wanastahili heshima. Heshima hiyohiyo anaidai mama huyu, anayefikia ladha ileile kwa mtama wa mavuno tofauti na kuni za kila namna.

Togwa
Uji uliotiwa kimea, kabla haujawa pombe, ni togwa. Watoto na wasiokunywa kileo wanapata fungu lao, na mpishi anapata wateja zaidi.

Leseni
Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inavitambua vilabu vya pombe za kienyeji na kuvitaka viwe na leseni. Hata hivyo, wengi bado wanaitia pombe ya mtama kapu moja na gongo, kinywaji cha kukenekwa ambacho sheria inakikataza. Si haki. Hii ni pombe ya kuchachuliwa, na inayomwingizia mama ada ya shule ni kazi ya wazi. Ombi langu kwa halmashauri zetu ni dogo: ada ya leseni anayolipa mpishi irudi kilabuni kama maji safi ya bomba na choo kinachofaa. Na wewe msomaji, ukipita Ipililo, uliza nani amepika leo, kunywa kwa kiasi, na umlipe mpishi papo hapo.