Kutumika Si Utumwa



Mwezi uliopita mwenzetu wa gangi ya njia aliumia mguu, na mpaka leo amelala chumbani kwake hapa Magongo. Sisi wa kamati tulipopata habari tulikutana, tukaandika barua nzuri ya pole, tukaipiga muhuri. Barua ilimfikia siku ya tisa. Lakini tangu siku ya pili, kijana mmoja afagiaye mabehewa zamu ya usiku alikuwa akipita kwake kila alfajiri na mitungi miwili ya maji, kabla hajaenda kulala. Kila mkaaji wa Magongo ajua thamani ya mitungi miwili wakati mifereji imekauka. Kijana huyo si wa kwao mgonjwa, wala hawasali pamoja. Tulipomwuliza kwa nini hakutuambia, alijibu kwamba alidhani twajua.

Jibu hilo limetuchoma, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Wako wenzetu wasemao kwamba watu wa reli twatumika vya kutosha, na mtu akishavua nguo za kazi haifai kumtaka atumike tena. Uchovu huo twaujua, maana ni wetu pia. Lakini hapo mambo mawili yamechanganywa. Mtumwa hana la kuchagua. Yule kijana alichagua mwenyewe, na hakuna msimamizi aliyemwandikia saa zake.

Wazee waliogoma Mombasa tarehe 13 Januari 1947 walilijua jambo hili. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi pamoja, wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata wapishi na maboi wa majumbani, kwa muda wa siku kumi na mbili hivi. Haukuwa mgomo wa kabila moja wala wa kazi moja. Chege Kibachia, aliyeongoza African Workers' Federation, alikamatwa Agosti mwaka uleule, akapelekwa Kabarnet, akawekwa huko mpaka 1957. Huyo twamkumbuka, na ni haki yake. Lakini watu hawakai siku kumi na mbili bila ujira kwa kushiba hotuba. Twaamini wapo waliogawa unga wao kibaba kwa kibaba, na majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa habari ya mchango. Siku ya mshahara, daftari lilipopitishwa, mtu mmoja aliuliza mgonjwa ni wa wapi kabla hajatia mkono mfukoni. Hatumtaji jina, kwa kuwa wengine waliuliza vivyo hivyo moyoni. Mgonjwa ni wa gangi. Alipokuwa akikaza misumari ya njia hakumwuliza dereva kabila lake.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hata shilingi ishirini itaandikwa. Daftari liko kwa mweka hazina. Kodi ya chumba yadaiwa tarehe 5, na daktari amemkataza mwenzetu kukanyaga chini kwa majuma manne zaidi. Zamu ya maji imebandikwa mlangoni: Jumatatu mwenyekiti, Jumanne katibu, kisha kamati yote kwa mpango. Yule kijana tumemwambia apumzike, ijapokuwa jana alfajiri alionekana tena na mitungi yake.