Viboko wa Virunga wahesabiwe upya, na wahesabiwe vizuri

Mwezi wa nne 2025, mizoga ya viboko ilielea kwenye mto Ishasha, kusini mwa Ziwa Edward. Kimeta kiliua viboko wasiopungua 50, na nyati pia. Idadi ya waliokufa ilijulikana haraka. Ni wangapi waliobaki, hapo ndipo kuna shida.

Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 29.000. Mwaka 2005, baada ya vita na ujangili, hawakufika hata 900. Kundi likishapungua hivyo, kukosea viboko mia mbili katika hesabu kunaweza kuficha ujangili wa mwaka mzima.

Ndege ndogo ndiyo njia iliyozoeleka, na ina maana yake: nani atatembea kwa miguu kando ya mito yote wakati watu wenye silaha wamo humo? Lakini kiboko si tembo. Anazama dakika kadhaa, na ndege inapita juu yake kwa sekunde chache tu. Anayetazama dirishani anaona migongo na masikio, wamebanana, maji yenyewe yana tope. Ndege ikipita mara moja, kinachohesabiwa ni viboko waliokuwa juu ya maji wakati ule, basi.

Kuna namna ya kurekebisha. Rubani arudie bwawa lilelile mara mbili au tatu asubuhi moja. Picha zipigwe, zihesabiwe baadaye mezani. Watazamaji wawe wawili, kila mmoja aandike peke yake. Tofauti yao itaonyesha wangapi wanaponyoka macho. Droni inayosimama hewani dakika kumi ingefaa zaidi, ingawa Rutshuru ya leo watu wakisikia mlio wake wanakimbia. Machifu na wavuvi waarifiwe mapema. Zoezi lifanyike kila mwaka wakati wa kiangazi, siku moja na Uganda, kwa sababu Ishasha ni mpaka na kiboko haombi jeton ili avuke.

Jambo hili linagusa hata sufuria. Kinyesi cha kiboko kinarutubisha maji ambamo tilapia wanapata chakula. Wavuvi wa Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma wamelalamika miaka mingi kwamba samaki wamepungua. Uvuvi haramu una sehemu yake kubwa, ndiyo, lakini viboko waliopotea nao wamo.

ICCN ikitangaza idadi mpya, itangaze pia tarehe, ndege ilipita mara ngapi, na kila mtazamaji aliona wangapi.