Mikono ya Mwanafunzi

Wako wasemao kuwa katika idara ya sayansi mwalimu ndiye akili, na mwanafunzi wa udaktari ni mikono tu. Neno hili halina msingi, na Cambridge yenyewe ni shahidi. Hata ulipofika mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa amekwisha shiriki kwa miaka miwili kupigilia nguzo na kufunga nyaya za darubini ya redio. Chombo kilipoanza kazi kilitoa karatasi yapata mita 30 kila siku, naye alizisoma zote kwa macho. Humo aliona alama ya upana wa nusu sentimita hivi, ambayo mwingine angaliipita. Yeye hakuipita. Mwalimu wake, Antony Hewish, alidhani kwanza kuwa mapigo yale, yaliyorudi kila baada ya sekunde 1.3 hivi, ni kazi ya binadamu. Mwanafunzi akatafuta, akapata nyota ya pili yenye tabia ile ile, upande mwingine kabisa wa mbingu.

Mwaka 1974 tuzo ya Nobel ilikwenda kwa Hewish na Martin Ryle. Hujibiwa kwamba Bell mwenyewe alisema, mwaka 1977, kuwa haifai kuwapa wanafunzi tuzo hiyo, ila kwa nadra sana. Huo ni uungwana wake, na uungwana wa mdai haufuti deni la mdaiwa. Tena, ni mikono gani hiyo ichaguayo, yenye kutia shaka, isiyoridhika na jibu la mwalimu? Mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine, dola milioni 3, akazitoa zote zisomeshe wanafunzi wa udaktari wa fizikia.